Yaliyomo Hayachapwi kwa Mkono: Maneno kwa Wanaomalizia Tasnifu

Hotuba kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu pamoja na wapiga chapa wa steshenari za jirani na chuo, kabla ya mafunzo ya vitendo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi mnaomalizia tasnifu, na ninyi ndugu zangu wa steshenari mliofunga maduka asubuhi hii ili mje hapa: asanteni sana. Nimefurahi kuwaona wapiga chapa wamekaa mbele. Tasnifu nyingi hupita mikononi mwenu kabla hazijamfikia mtahini, kwa hiyo haya ninayokuja kuyasema yanawahusu ninyi sawasawa na wenye tasnifu.

Mimi ni mhariri. Nikipokea faili la tasnifu, kabla sijasoma ikisiri ninakwenda kwenye ukurasa wa yaliyomo, ninaweka kishale juu ya mstari mmojawapo, ninashikilia Ctrl na kubofya. Mstari ukinipeleka kwenye sura yenyewe, najua nina faili la kufanyia kazi. Usiponipeleka popote, nikakuta nukta zimepigwa moja moja kwa kidole mpaka pembeni mwa karatasi, najua kuna mtu amekesha, na najua atakesha tena msimamizi akishaleta masahihisho.

Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki. Yaliyomo hayachapwi kwa mkono. Kazi ya mwandishi ni kuiambia programu kwamba mstari huu ni kichwa cha sura, huu ni kichwa kidogo, na huu ni kidogo zaidi. Kuorodhesha, kutafuta namba za kurasa na kupanga nukta ni kazi ya programu, na inaifanya vizuri kuliko binadamu yeyote.

Kwanza tuwatendee haki waliotufundisha kupiga nukta. Desturi hii ina asili yake. Kwenye taipureta kila herufi ilikuwa na upana uleule: i ilichukua nafasi sawa na m, na nukta ilichukua nafasi sawa na zote mbili. Katibu muhtasi aliyesoma uhazili Tabora enzi za taipureta aliweza kuhesabu nafasi, akapiga nukta zake, na namba za kurasa zikasimama wima kama alivyotaka. Ulikuwa ustadi wa kweli. Kompyuta zilipoingia maofisini, mikono ileile ikahamia kwenye kibodi mpya na desturi ikahamia nayo, kisha wao wakawafundisha wengine.

Lakini fonti tunazotumia sasa, kama Times New Roman inayodaiwa na vyuo vingi, hazifanani na taipureta. Humo i ni nyembamba na m ni pana. Tazameni mfano huu ubaoni. Mstari wa kwanza unasema "2.3 Mapitio ya Kazi Tangulizi", ukurasa wa 27. Wa pili unasema "2.3.1 Tafiti za Fonolojia ya Kimakunduchi", ukurasa wa 28. Nimepiga nukta kwa mkono mpaka 27 ikafika pembeni. Sasa napiga nukta za mstari wa pili. Nikiweka nukta ya mwisho, 28 inapita kidogo kulia kwa 27. Nikiifuta, inarudi kushoto zaidi ya inavyotakiwa. Hakuna idadi ya nukta itakayozilinganisha, kwa sababu kila nukta ina upana wake, na maneno yaliyotangulia yameishia mahali tofauti. Watu wanaongeza nafasi tupu hapa, wanapunguza fonti ya nukta pale, saa mbili zinakwisha. Kisha mwalimu anasema sura ya pili imepungukiwa, ongeza kurasa tatu, na kila namba iliyo baada ya hapo inakuwa ya uongo. Ni kama kuandika namba za nyumba kwa chaki wakati mtaa wenyewe bado unajengwa.

Basi tuanze na vichwa, maana yaliyomo yanatoka huko.

Kwenye Microsoft Word, katika utepe wa juu, kuna mitindo inayoitwa "Heading 1", "Heading 2", "Heading 3". Weka kishale kwenye kichwa cha sura, bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja, na mstari huo umekuwa kichwa cha ngazi ya kwanza. Ctrl, Alt na 2 ni ngazi ya pili, na 3 ni ya tatu. Hakuna zaidi.

Nawajua wengi mmewahi kubofya hapo mkakimbia. Kichwa kilikuwa cheusi, ghafla kikawa cha bluu, kikabadilika fonti, kikawa kikubwa, na mwongozo wa chuo unataka herufi nyeusi za ukubwa wa 12. Mkarudi kwenye kukoza wino kwa kitufe cha B mkaona mmepona. Naamini hii rangi ya bluu imewafukuza watu wengi kuliko ugumu wowote wa kompyuta. Dawa yake ni ndogo. Bofya kulia juu ya "Heading 1" kwenye utepe, chagua "Modify", weka Times New Roman, 12, nyeusi, iliyokozwa, katikati ya ukurasa. Kubali. Kuanzia hapo kila kichwa cha sura kitafuata, hata kama una sura saba. Fanya hivyo kwa "Heading 2" na "Heading 3". Ni kazi ya mara moja kwa tasnifu nzima.

Kichwa kilichokozwa wino kwa B peke yake ni kichwa machoni pako tu. Kwa programu ni maneno manene ndani ya aya ya kawaida, kama ulivyokoza neno lolote katikati ya sentensi. Ndiyo maana mtu anaomba yaliyomo na programu inamjibu kwamba haikuona kichwa hata kimoja, naye anadhani imeharibika.

Kuna jambo linalotuhusu sana sisi tunaoandika tasnifu kwa Kiswahili. Desturi yetu ni kuandika SURA YA KWANZA mstari wa juu, na UTANGULIZI WA JUMLA chini yake. Mwanafunzi anapiga Enter katikati, anavipa vyote viwili "Heading 1", na kwenye yaliyomo anapata mistari miwili, kila mmoja na nukta zake na namba yake ya ukurasa: Sura ya Kwanza, 1, Utangulizi wa Jumla, 1. Inaonekana kama kuna sura mbili zinazoanzia ukurasa mmoja. Katikati hapo usipige Enter. Piga Shift na Enter. Mstari utashuka machoni, lakini kwa programu yote itabaki kuwa aya moja, na kwenye yaliyomo litakuja ingizo moja lenye namba moja.

Halafu kuna kurasa za mwanzo: Ithibati, Tamko na Hakimiliki, Tabaruku, Shukurani, Ikisiri. Mwongozo wa chuo unataka ziorodheshwe kwenye yaliyomo, ila hazina namba ya sura. Tengenezeni mtindo wenu mpya, muuite "Kichwa cha Awali", mfano wake uwe uleule wa kichwa cha sura ila bila namba. Kwenye mpangilio wa aya wa mtindo huo, pale palipoandikwa "Outline level", chagueni "Level 1". Hiyo inaiambia programu kwamba maneno haya nayo ni ya ngazi ya kwanza. Marejeleo na Viambatisho vinaweza kutumia mtindo huohuo. Neno YALIYOMO lenyewe, lililo juu ya orodha, lipewe mtindo wa "TOC Heading" (TOC ni kifupi cha "Table of Contents", yaani yaliyomo), ambao hauingii kwenye orodha.

Namba za vichwa vidogo, 1.1, 1.2, 1.2.1, mnaweza kuziandika kwa mkono na bado zikafika kwenye yaliyomo. Ila ukiondoa kipengele cha 2.4, itabidi ubadilishe 2.5, 2.6 na kuendelea mmoja mmoja. Orodha yenye ngazi iliyofungwa kwenye mitindo ya vichwa inakuondolea hilo. Tutaifanya kwa vitendo baadaye, ni rahisi kuona kuliko kueleza.

Vichwa vikishakaa, nenda kwenye ukurasa ulioutenga, fungua "References", bofya "Table of Contents", halafu usichague zile picha za tayari. Shuka chini uchague "Custom Table of Contents". Weka ngazi tatu, nukta, namba za kurasa upande wa kulia. Kubali. Sekunde moja, orodha yote imekuja.

Wengi huishia hapo. Orodha imekuja, lakini haijapangika: mistari mirefu inarudi chini ya namba, ngazi ya tatu imesukumwa mbali mno, fonti si ya chuo. Hapo mwanafunzi anaingia ndani ya orodha na kuanza kurekebisha mstari kwa mstari, na siku akiisasisha, kazi yote inafutika. Naomba mnisikilize vizuri hapa kwa sababu ndiyo sehemu isiyofundishwa.

Bonyezeni Alt na F9. Orodha itatoweka, na mahali pake mtaona mabano ya mawimbi yenye neno TOC na alama chache. Msishtuke, hakuna kilichopotea. Bonyezeni tena na orodha inarudi. Nimewaonyesha ili muone kitu chenyewe. Kinachokaa kwenye faili ni agizo lile fupi. Humo kuna sehemu inayosema kusanya ngazi ya 1 hadi ya 3, nyingine inayosema kila mstari uwe kiungo cha kubofya, nyingine inayosema chukua na aya zilizopewa "Outline level". Orodha mnayoiona ni jibu la agizo hilo. Ukihariri jibu, agizo halijui. Ukiona kosa la tahajia kwenye yaliyomo, kosa hilo liko kwenye kichwa ndani ya sura, lirekebishe huko.

Mwonekano wa orodha nao una mahali pake. Kila ngazi ya yaliyomo ina mtindo wake: "TOC 1", "TOC 2", "TOC 3", mpaka "TOC 9". Mitindo hii ni tofauti na "Heading 1" na wenzake. Kichwa cha sura kinaweza kukozwa na kukaa katikati, na bado kwenye yaliyomo kikaja chembamba upande wa kushoto, kwa sababu kule kinavaa "TOC 1". Rudini kwenye dirisha la "Custom Table of Contents". Hakikisheni kwenye "Formats" imeandikwa "From template", maana bila hivyo kitufe cha "Modify" hakifunguki. Bofyeni "Modify", chagueni "TOC 2", kisha "Modify" tena.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimeta 21. Tuseme chuo kinataka sentimeta 4 kushoto kwa ajili ya kubaindi, na 2.5 kulia. Zinabaki sentimeta 14.5 za maandishi. Hiyo 14.5 ndiyo namba tunayoihitaji. Ndani ya mtindo wa "TOC 2", fungueni "Format" kisha "Tabs". Futeni vituo vya zamani, yaani mahali ambapo maandishi husimama ukibonyeza Tab. Andikeni 14.5, chagueni "Right", na kwenye "Leader" chagueni namba 2, yenye nukta. Maana yake ni kwamba namba ya ukurasa itasimama imeegemea ukingo wa kulia, na nafasi yote kati ya neno la mwisho na namba itajazwa nukta, iwe ndefu au fupi. Namba iwe 7 au 127, mwisho wake utakuwa palepale. Tatizo la nukta ya 27 na 28 tulilolitazama ubaoni limekwisha, kwa kituo kimoja cha sentimeta 14.5.

Bado kushoto. Kila mstari wa ngazi ya pili una namba ya kipengele, kisha maneno. Kwenye mpangilio wa aya wa "TOC 2", mstari uanzie sentimeta 0.5, na chagueni "Hanging" ya sentimeta 1. Kichwa kirefu kikishuka mstari wa pili, maneno yatarudi chini ya maneno na namba itabaki peke yake pembeni. Kwa "TOC 3" ianzieni sentimeta 1.5, na "Hanging" ya 1.5, kwa sababu namba kama 4.2.10 inahitaji nafasi zaidi. Na hapa niseme maoni yangu kama mhariri: ikiwa kichwa chako kinachukua mistari mitatu kwenye yaliyomo, tatizo haliko kwenye mpangilio. Kichwa kile ni aya. Kifupishe.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni la kurasa za kirumi. Mtu anasema, "Yaliyomo yangu yanasema Shukurani iko ukurasa wa 4, nataka iseme iv." Yaliyomo hayana uamuzi juu ya hilo, yanachukua namba iliyo kwenye ukurasa wenyewe. Kwa hiyo nendeni mwisho wa kurasa za mwanzo, kabla ya Sura ya Kwanza, wekeni mkato wa sehemu, ule wa "Next Page" ulio chini ya "Layout" na "Breaks". Halafu fungueni sehemu ya chini ya ukurasa wa Sura ya Kwanza mkazime "Link to Previous". Hili la kuzima ndilo husahaulika, na ukilisahau, kubadilisha mwonekano upande mmoja kunavuruga na upande wa pili. Baada ya hapo chagueni i, ii, iii kwa sehemu ya kwanza, na 1, 2, 3 kwa ya pili, mkiiambia ianze na 1. Kisha rudini kwenye yaliyomo mkayasasishe.

Kusasisha ni kuweka kishale ndani ya orodha na kubonyeza F9. Programu itakuuliza: namba za kurasa peke yake, au orodha nzima? Kama umegusa maneno ya kichwa chochote, au umeongeza au kuondoa kipengele, chagua orodha nzima. Wengi huchagua namba peke yake kwa woga wa kupoteza marekebisho waliyoyafanya kwa mkono. Aliyerekebisha kupitia mitindo ya TOC hana la kupoteza.

Kuna makosa machache mtakayokutana nayo, niyapitie haraka. Ukiona "Error! Bookmark not defined" mahali pa namba ya ukurasa, kiungo cha kichwa kile kimekatika, sasisha orodha nzima. Ukiona aya nzima imeingia kwenye yaliyomo, aya hiyo ilipewa mtindo wa kichwa bila kukusudia. Nenda kwayo uipe "Normal". Ukikuta picha ndani ya yaliyomo, picha hiyo imebandikwa kwenye mstari mmoja na kichwa. Ishushe kwenye aya yake. Maneno uliyoyalaza ndani ya kichwa, kama jina la kisayansi la mmea, yakija yamelala kwenye yaliyomo, hilo si kosa, ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

Orodha ya Majedwali na Orodha ya Vielelezo zinatumia agizo lilelile, ila zinasoma maelezo ya jedwali badala ya vichwa. Maelezo hayo yawekwe kwa "Insert Caption". Lebo zilizomo ni za Kiingereza, na nimeona wanafunzi wa Kiswahili wakiziacha kwa sababu hiyo na kurudi kwenye kuandika kwa mkono. Bofyeni "New Label", andikeni "Jedwali", na nyingine "Kielelezo". Zitabaki hapo zikiwasubiri. Mkifika kwenye "Insert Table of Figures" mtaikuta "Jedwali" ndani ya chaguo.

Wanaotumia WPS, programu nyingine ya kuandikia inayofanana na Word, watakuta karibu kila kitu mahali palepale. Kwenye Google Docs yaliyomo yako chini ya "Insert", na yanafuata mitindo ya vichwa vilevile, ila uhuru wa kupanga orodha ni mdogo. Mimi ningeandikia huko na kumalizia kwingine. LibreOffice inafanya yote niliyoyaeleza na haitozi hata senti. Humo mitindo ya orodha inaitwa "Contents 1", "Contents 2" na kuendelea. Ndugu zangu, programu ambayo LibreOffice ilizaliwa kutokana nayo, OpenOffice, ilipata sura ya Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux. Wapo watu waliokaa chini wakatafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe. Natamani tungekuwa tumeiendeleza kazi ile kwa nguvu kubwa zaidi, nisingekuwa nimesimama hapa leo nikiwatajia vitufe vya Kiingereza.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa kuliko mpangilio wa nukta.

Kuna wasomaji wasioona. Wapo vyuoni mwetu, wanasoma shahada zote, na wanasoma kompyuta kwa masikio, kwa programu zinazotamka maandishi. Mojawapo ni NVDA, inayotolewa bure, na ndiyo maana imeenea kwa wanafunzi wasio na fedha za kununua nyingine. Msomaji wa aina hii akiingia kwenye hali ya kuvinjari anabonyeza herufi H, na programu inamrusha hadi kichwa kinachofuata na kumtamkia: kichwa ngazi ya kwanza, Sura ya Tatu, Mbinu za Utafiti. Anabonyeza tena, anaruka tena. Akibonyeza kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert, pamoja na F7 anapata orodha ya vichwa vyote. Kwa njia hiyo anaweza kupekua tasnifu ya kurasa 150 kama wewe unavyopekua kwa macho.

Mpe sasa tasnifu ambayo vichwa vyake vimekozwa kwa B peke yake. Anabonyeza H. Anaambiwa hakuna kichwa. Anabonyeza tena, hakuna. Mbele yake kuna kurasa 150 za aya zisizo na mlango, na njia iliyobaki ni kusikiliza kuanzia mwanzo mpaka afike anakokwenda. Na akifika kwenye yaliyomo yaliyochapwa kwa mkono, kuna mipangilio ambayo programu itamtamkia nukta, nukta, nukta. Huyu ni mwenzetu, analipa ada ileile, anatafuta kipengele kilekile cha mbinu za utafiti ambacho wewe unakipata kwa sekunde tatu. Kumnyima njia hiyo kwa sababu hatukubonyeza Ctrl, Alt na 1 ni jambo ambalo siwezi kulikubali, na nawaomba nanyi msilikubali.

Vichwa vile vinasafiri pia hadi kwenye PDF. Mkihifadhi kama PDF, fungueni "Options" mweke alama kwenye "Create bookmarks using: Headings". Upande wa kushoto wa PDF itatokea orodha ya sura zote, ya kubofya. Tasnifu yako ikiwekwa kwenye hazina ya maktaba mtandaoni, mtu wa Mombasa au Bujumbura ataipakua na kufika sura ya nne bila kupitisha kurasa kwa kidole. Usiprinti kuwa PDF, hifadhi kuwa PDF. Ukiprinti, viungo hivyo vinapotea.

Nimalizie na wenzangu wa steshenari. Mteja akileta fleshi yenye faili la Word, mkalifungua kwenye kompyuta isiyo na fonti aliyotumia, programu itaweka fonti nyingine, mistari itavunjika mahali tofauti, na kurasa zitasogea. Hapo yaliyomo yaliyokuwa sahihi nyumbani kwake yanakuwa na makosa kwenye karatasi, na lawama inawaangukia ninyi. Mwombeni alete PDF pamoja na Word, mprinti kutoka kwenye PDF. Kama hana, sasisheni yaliyomo kwa F9 kwenye mashine yenu kabla ya kuprinti, na mtazame kurasa chache mkilinganisha. Na mkishajua kazi hii, msishushe bei kwa sababu sasa inachukua dakika kumi badala ya usiku mzima. Mteja anayerudi na masahihisho ya msimamizi mara ya tatu, akakuta yaliyomo yanajipanga mbele ya macho yake, atajua analipia nini.

Kwa mazoezi, kila mmoja afungue faili lake mwenyewe, si la jirani. Hifadhini nakala kwanza, yenye jina jingine, ili msiguse faili la asili. Wenye Word wabaki safu hizi za katikati, wenye WPS na LibreOffice wasogee upande wa madirisha, mwenzangu atawahudumia huko. Nendeni kwenye Sura ya Kwanza, wekeni kishale kwenye kichwa chake, na msibonyeze chochote mpaka nipite niwaone wote mko mahali pamoja.